Hapa Moto Hauwashwi Chini: Twazuru Visiwa vya Solomon

ALASIRI yetu ya kwanza mjini Honiara tulitaka kumsaidia mama mwenyeji wetu kupika. Uani kulikuwa na mawe, kuni kavu, na sufuria ya viazi vitamu vilivyokwisha kumenywa. Mmoja wetu alipanga mafiga matatu chini ya mti, kama tufanyavyo nyumbani, akachutama na kuanza kuchochea moto. Mara mama akatoka ndani mbio, akamwaga maji juu ya vijiti vile.

“Hapana, sista,” akasema, huku akihema. “Hapa moto hauwashwi chini.”

Kisha akatuonyesha jiko lake. Lilikuwa pipa la chuma lililokatwa nusu, likajazwa mchanga na kuinuliwa juu ya matofali hadi karibu na kiuno. Alieleza kwamba ardhi ya mji ule ingali na mabomu ya zamani. Mengine yako shambani, mengine chini ya misingi ya nyumba, mengine kina cha jembe tu. Yamelala humo tangu 1942 na 1943. Yakipata joto la kutosha, hulipuka kana kwamba yalitupwa jana.

Tulinyamaza. Sisi tulikuwa akina mama wanne kutoka Afrika Mashariki, wageni wa akina mama wa Kanisa la Anglikana la Melanesia. Tulikuwa tumesafiri siku nyingi tukitazamia minazi, samaki na nyimbo. Hayo yote tuliyapata. Lakini ni lile jiko lililoinuliwa lililotufundisha jinsi ya kuitazama nchi ile, na hata jinsi ya kuzitazama nyumba zetu wenyewe.

Visiwa na Watu Wake

Ukiwa na ramani ya dunia, msomaji mpendwa, weka kidole juu ya Australia, kisha kisogeze kaskazini-mashariki. Hapo baharini, upande wa mashariki wa Papua New Guinea, utaona mlolongo wa visiwa karibu elfu moja, vikubwa kwa vidogo. Hivyo ndivyo Visiwa vya Solomon. Kutoka mji wa Brisbane huko Australia, ndege huchukua muda wa saa tatu hivi kufika Honiara, mji mkuu, ulio katika kisiwa cha Guadalcanal.

Jina la visiwa hivyo lina asili yake. Mwaka wa 1568 baharia Mhispania, Álvaro de Mendaña, alifika huko. Baada ya safari yake visiwa vikaja kuitwa kwa jina la Mfalme Sulemani, kwa tumaini kwamba huko ndiko dhahabu ya mfalme huyo ilikotoka. Baadaye Waingereza walivitawala, mpaka nchi ilipopata uhuru wake Julai 7, 1978. Leo watu wake ni zaidi ya laki saba, nao husema lugha zipatazo 70. Ili wasikilizane hutumia Pijin, lugha iliyochipuka kutokana na Kiingereza. Tulijifunza upesi kusema “tagio tumas,” yaani asante sana. Tulijifunza pia neno “wantok,” maana yake mtu wa lugha yako, ndugu usiyeweza kumnyima chakula wala mahali pa kulala. Hilo halikuhitaji kufasiriwa kwetu Waafrika!

Wenyeji ni Wamelanesia, weusi kama sisi. Sokoni tulisalimiwa kwa Pijin mara nyingi kabla watu hawajatambua kwamba sisi ni wageni. Hata hivyo jambo moja lilitutia wasiwasi. Tuliona watoto wengi wenye ngozi nyeusi na nywele za rangi ya manjano. Mama yeyote kutoka kwetu akiona nywele za mtoto zimebadilika rangi hufikiri mara moja juu ya utapiamlo. Mmoja wetu, ambaye ni muuguzi, alianza kuwachunguza watoto miguu na mashavu, kimyakimya. Lakini walikuwa wanene, wachangamfu, wanaruka majini kama samaki. Mwenyeji wetu alicheka sana tulipomweleza. Nywele hizo ni za kuzaliwa nazo. Mwaka wa 2012 wanasayansi walieleza kwamba zatokana na chembe ya urithi ya Wamelanesia wenyewe, wala hazikuletwa na damu ya Wazungu.

Mambo mengine yalitufanya tujione tuko pwani ya kwetu. Chakula ni viazi vitamu, magimbi, muhogo na samaki wa nazi. Kuna mboga ya majani ya kuteleza ambayo ni jamaa ya bamia. Wazee kwa vijana hutafuna popoo na chokaa, midomo ikawa myekundu, jambo ambalo bibi zetu wa Unguja na Lamu wanalijua vema. Na Jumapili, kanisani, vijana walipiga filimbi za mianzi zilizofungwa pamoja, ndogo kwa kubwa, hadi sakafu ikatetemeka chini ya miguu yetu.

Vita Ambavyo Havikuwa Vyao

Uwanja wa ndege tulioteremkia ndio chanzo cha yote yaliyowapata watu hawa. Mei 1942, wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, Wajapani walikiteka kisiwa kidogo cha Tulagi, kilichokuwa makao makuu ya serikali ya Waingereza. Kisha wakavuka hadi Guadalcanal na kuanza kusawazisha uwanja wa ndege kwenye tambarare ya pwani. Wamarekani walitambua kwamba ndege zikianza kuruka kutoka hapo, njia ya meli kwenda Australia ingekuwa hatarini. Basi Agosti 7, 1942, askari wao walishuka ufuoni na kuuteka uwanja huo. Wakauita Henderson, kwa jina la rubani wao aliyekufa miezi miwili mapema katika vita vya Midway.

Mapigano yaliyofuata yalidumu miezi sita, nchi kavu, baharini na angani. Wamarekani wapatao 7,000 walikufa. Wajapani waliokufa walizidi 20,000, na wengi wao hawakuuawa kwa risasi bali kwa njaa, malaria na kuhara. Wajapani wenyewe walikiita Kisiwa cha Njaa. Mwanzoni mwa Februari 1943 waliwaondoa usiku askari zaidi ya 10,000 waliosalia, na vita vya Guadalcanal vikaisha. Sehemu ya bahari iliyo kati ya Guadalcanal na kisiwa cha Savo ilizamisha meli na ndege nyingi hivi kwamba mabaharia waliipa jina linalomaanisha Mlango-bahari wa Sakafu ya Chuma.

Na wenyeji je? Hakuna aliyewauliza. Waliacha vijiji na bustani zao wakakimbilia milimani pamoja na watoto. Kule Laulasi, kijiji kilichojengwa juu ya maji karibu na kisiwa cha Malaita, ndege za Kimarekani zilidondosha mabomu kwa makosa, na wanakijiji wakafa. Wanaume zaidi ya 3,000 waliandikishwa kubeba mizigo na kupakua meli. Wengine wakawa wapelelezi wa msituni. Ndivyo isemwavyo: wapiganapo tembo, nyasi huumia.

Tuliyasikiliza hayo tukiwakumbuka wazee wetu wenyewe waliotiwa Keya. Mwaka wa 1944 askari wa Afrika Mashariki walikuwa Burma wakipigana na jeshi hilohilo la Kijapani, katika vita ambavyo nao hawakuvianzisha. Mmoja wetu alitaja babu yake aliyerudi kutoka Burma na hakusema neno juu yake mpaka kufa. Mwenyeji wetu aliitikia kwa kichwa. “Wa kwetu pia walinyamaza,” akasema.

Mtu Aliyekataa Kusema

Yuko mmoja ambaye nchi nzima inamjua. Sanamu yake imesimama katika kitongoji cha Rove mjini Honiara. Ni Jacob Vouza, mwenyeji wa Guadalcanal, aliyekuwa amestaafu kazi ya polisi. Agosti 1942 alikuwa akiwapelelezea Wamarekani alipokamatwa na Wajapani, naye akakutwa na bendera ndogo ya Marekani. Walimfunga kwenye mti, wakampiga na kumchoma kwa singe ili aseme Wamarekani wako wangapi na wako wapi. Hakusema. Walimwacha wakidhani atakufa. Usiku alizitafuna kamba kwa meno, akajikokota akitokwa damu hadi kwa Wamarekani, naye akasisitiza kutoa habari zake kwanza kabla ya kutibiwa. Alipona, akapewa nishani na Wamarekani na Waingereza, na alikufa akiwa mzee mwaka wa 1984.

Tulisimama mbele ya sanamu hiyo kwa heshima. Lakini tukiwa akina mama tuliwaza pia juu ya wale wasio na sanamu. Nani alipanda viazi upya katika bustani zilizochimbwa na makombora? Nani alirudi kwanza kuwasha moto?

Chuma Kilichobaki

Siku iliyofuata tulipelekwa magharibi mwa mji hadi ufuo wa Bonegi. Hapo zilikwama meli mbili za mizigo za Wajapani mnamo Novemba 1942. Mabaki ya mojawapo, Kinugawa Maru, yangali yanachomoza juu ya maji, mekundu kwa kutu, na matumbawe yamemea ndani yake. Watoto walikuwa wakilipanda lile chuma na kujitupa baharini huku wakipiga makelele. Mbele kidogo, mahali paitwapo Vilu, ndege zilizovunjika na mizinga mikubwa imewekwa katika bustani ya maua, na mimea inatambaa juu ya mabawa.

Wenyeji ni hodari wa kutumia kilichoachwa. Katika vijiji kadhaa ganda tupu la bomu hutundikwa kwa kamba mtini na kuwa kengele ya kanisa. Tuliisikia moja alfajiri, na sauti yake ilikuwa nzuri, ya chini, ya kuenda mbali. Ilitufanya tukumbuke maono ya nabii Isaya juu ya siku ambayo silaha zitafuliwa kuwa vyombo vya kulimia.

Lakini si kila ganda ni tupu. Mei 2021, mjini Honiara, kundi la vijana walikuwa wakipika chakula cha kuuza ili kuchangisha fedha. Waliwasha moto kama watu wanavyowasha popote. Chini ya moto huo kulikuwa na kombora la Kimarekani la wakati wa vita. Lililipuka, na vijana wawili wakafa kutokana na majeraha. Wote wawili walizaliwa miaka mingi baada ya yule aliyelifyatua au kuliacha pale. Miezi michache mapema, Septemba 2020, wageni wawili waliokuwa katika kazi ya kutafuta mabomu hayo walikufa mjini humo kwa mlipuko pia. Polisi wana kikosi maalumu cha kuyakusanya na kuyaharibu, nayo kazi hiyo haina mwisho wa karibu.

Sasa tulielewa kwa nini mama alikuja mbio. Alituambia kwamba wanawe walipokuwa wadogo aliwafundisha sheria tatu kabla ya kuwafundisha kuhesabu: usiokote chuma, usipige chuma, ukikiona chuma njoo uniite. “Kwenu mnawafundisha juu ya nyoka,” akasema. “Sisi twawafundisha juu ya nyoka na chuma.”

Pesa Zinazotungwa kwa Mikono ya Akina Mama

Kutoka Honiara tulipanda meli hadi Auki, mji mkubwa wa kisiwa cha Malaita. Kusini ya Auki kuna maji matulivu yaliyokingwa na matumbawe, yaitwayo Langalanga. Humo watu walijenga visiwa vyao wenyewe! Vizazi kwa vizazi walisomba mawe ya matumbawe kwa mitumbwi, wakayarundika kwenye kina kifupi mpaka ikapatikana nchi kavu ya kujenga nyumba. Hapo walikuwa salama na maadui wa bara, na mbali na mbu.

Huko Malaita, ambako majeshi hayakupigana vita vikubwa vya nchi kavu, tuliona jambo lililotufurahisha: akina mama wakichoma mawe kwenye moto uliowashwa ardhini, bila hofu. Mawe yakiwa mekundu huyapanga, huweka juu yake magimbi, muhogo uliokunwa na samaki waliofungwa kwa majani, kisha hufunika kwa majani mengi. Tulikula tukiwa tumekaa chini, na mmoja wetu akasema kwamba hakuwa amejua kuwa moto wa chini ni baraka.

Langalanga yajulikana kwa pesa za makombe. Kama vile kauri zilivyokuwa fedha kwa mababu wa sehemu nyingi za Afrika, ndivyo hapa shanga za makombe zilivyo fedha, nazo hutumika mpaka leo. Wanaume hupiga mbizi kuyaleta makombe. Kazi inayobaki, iliyo ndefu, kwa kawaida ni ya wanawake. Tuliketi nao kivulini tukajaribu. Kombe huvunjwa vipande kwa jiwe. Kila kipande hugongwagongwa hadi kikaribie mviringo, kisha hutobolewa katikati kwa keekee. Makombe mekundu, ambayo ndiyo ya thamani zaidi, huwekwa kwenye jiwe la moto ili wekundu wake ukolee. Mwishowe shanga hutungwa na kusuguliwa kwa maji juu ya jiwe lenye mfereji, mpaka zote zilingane. Sisi wanne tulivunja vipande vingi kuliko tulivyotoboa, na mabinti wa pale walicheka hadi wakatokwa machozi.

Nyuzi kumi zikiunganishwa huitwa tafuliae. Hiyo ndiyo hutolewa kuwa mahari, na ndiyo hutolewa kuwa fidia mtu akimkosea mwenzake. Bila shaka tulianza mjadala, kwa maana mahari ni habari tunayoijua! Tuliuliza: mwanamke hutunga pesa, kisha pesa zilezile hutumiwa kumwoa mwanamke. Je, si kumnunua? Mama mmoja mwenye mvi alijibu kwamba tafuliae hufunga koo mbili kama uzi unavyofunga shanga. Lakini binti yake alikohoa kidogo, akasema kwamba wapo waume ambao wakikasirika huwaambia wake zao, “Wewe nilikulipia.” Mama hakumkaripia. Alisema tu: “Huyo hajaelewa uzi ni wa nini.” Tukatazamana. Maneno hayo ya waume tumeyasikia pia upande wetu wa bahari.

Majirani Walipogeuka Maadui

Ni mama huyohuyo aliyetusimulia jambo lililotushtua kuliko vita vya 1942, kwa kuwa aliliona kwa macho yake.

Vita vilipoisha, Tulagi ilikuwa imeharibika. Wamarekani walikuwa wameacha barabara na majengo ya mabati Guadalcanal, basi Waingereza wakahamishia makao makuu huko, na mji wa Honiara ukazaliwa. Mji ulihitaji wafanyakazi. Watu wa Malaita, wengi na wachapa kazi, walivuka maji, wakajenga, wakaoa, wakapata mashamba. Lakini katika sehemu kubwa ya Guadalcanal ardhi hurithiwa kupitia kwa mama. Mara nyingi wanaume waliiuza au kuigawa bila kuwauliza dada zao na mama zao. Wenyeji walijiona wanasukumwa katika nchi yao wenyewe. Malalamiko yao hayakushughulikiwa. Yalifunikwa tu, mwaka baada ya mwaka.

Mwaka wa 1998 yalilipuka. Vijana wa Guadalcanal walianza kuwafukuza Wamalaita, na watu zaidi ya 20,000 wakakimbia. Mama yule alikuwa akiuza samaki na shanga Honiara. Aliondoka mwaka wa 1999 kwa meli iliyojaa watu, akiwa na watoto watatu, cherehani moja, na ufunguo wa nyumba ambayo hakuiona tena. Wamalaita nao wakaunda kundi lao la silaha, na Juni 2000 serikali ikapinduliwa. Watu wapatao 200 walikufa kabla ya mambo kutulia.

Silaha zilitoka wapi? Nyingine ziliibwa katika ghala za polisi. Lakini nyingine zilichimbuliwa ardhini! Vijana walizisafisha bunduki za 1942, wakatengeneza nyingine kwa mabomba ya maji, na kuzijaza risasi zilizosahauliwa na majeshi ya kigeni. Chuma cha vita vya babu kikawaua wajukuu. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Na ni nani walioanza kuzima moto huo? Mwaka wa 2000, Honiara ikiwa imezingirwa, akina mama wa makanisa mbalimbali waliungana katika kundi la wanawake kwa ajili ya amani. Walikwenda kwenye vizuizi vya barabarani na mahandaki ya wapiganaji, wakasali nao, wakazungumza nao kama mama na wanawe. Mjini hakukuwa na mboga, na vijijini hakukuwa na bidhaa za dukani. Basi wanawake wa mjini walibeba vitu vya dukani hadi kwenye kizuizi, na wanawake wa Guadalcanal wakabeba viazi na mboga kutoka upande wa pili. Wakabadilishana mbele ya wenye bunduki. Hebu wazia, msomaji! Wanaume walikuwa bado na bunduki mikononi, lakini chungu cha jioni kilikuwa kimekwisha kupatanishwa.

Pia kulikuwa na Ndugu wa Melanesia. Hao ni watawa Waanglikana, na undugu wao ulianzishwa mwaka wa 1925 na Ini Kopuria, mwenyeji wa Guadalcanal aliyeacha kazi ya polisi. Ndugu hao walipiga kambi katikati ya pande mbili na kuwasihi wote warudi nyuma. Baadaye walikusanya silaha na kuzitupa katika kilindi cha bahari ili zisichimbuliwe tena. Mwaka wa 2003 saba kati yao waliuawa katika pwani ya kusini ya Guadalcanal. Mmoja aliuawa kwanza, na sita walikufa kwa sababu walikwenda kumtafuta ndugu yao. Julai mwaka huohuo askari na polisi wa nchi jirani, wakiongozwa na Australia, walifika, na silaha zaidi ya 3,000 zikasalimishwa. Mwaka wa 2009 Askofu Mkuu Desmond Tutu alikuja kutoka Afrika Kusini kuizindua Tume ya Ukweli na Upatanisho, ili watu waseme wazi yaliyowapata.

“Na wewe, Mama,” tulimwuliza, “umesamehe?”

Alisokota uzi kwa muda kabla ya kujibu. Kisha akatuambia kwamba miaka kadhaa baadaye mwanamke wa Guadalcanal aliyekuwa jirani yake alimtafuta. Hakuwa amefanya ubaya wowote, ila alikuwa amenyamaza nyumba ya mwenzake ilipochomwa. Alisema hivyo, kwa kinywa chake. Walilia, wakala pamoja. “Kama angeniletea zawadi bila kusema neno,” akatuambia, “ningaliipokea, na lile jambo lingalikuwa bado lipo chini.”

Ukipata Nafasi ya Kwenda

Huenda siku moja wewe au binti yako mkafika huko. Chukueni chandarua na dawa za kinga, kwa maana malaria ingalipo. Vaeni nguo za heshima, hasa vijijini. Kila ufuo na kila bustani ina wenyewe, basi ombeni ruhusa kwanza. Msiokote chuma chochote kwa kumbukumbu. Na msiwashe moto chini.

Tuliyorudi Nayo

Siku ya mwisho tulikwenda soko kuu la Honiara, lililo kando ya bahari. Wanawake wa Malaita na wa Guadalcanal walikuwa wameketi karibukaribu, hawa na samaki na shanga zao, wale na mafungu ya viazi na mboga. Tulimwona mmoja akimtazamia mwenzake mtoto ili aende kununua maji. Mtu apitaye njia asingeona lolote la ajabu. Sisi tulisimama tukatazama kwa kitambo.

Jioni ile mwenyeji wetu alituruhusu hatimaye tuwashe moto, juu ya lile pipa la mchanga. Tukiwa tunangoja viazi viive, mmoja wetu alisema jambo ambalo hatukulitazamia. Alisema kwamba yeye na wifi yake hawajasemezana vizuri tangu msiba wa mama mkwe. Wote katika familia husema yamekwisha. Hula pamoja Krismasi. Hupeana zawadi. “Lakini nikifikiri,” akasema, “sisi tumefukia tu.”

Hakuna aliyemjibu haraka, kwa kuwa kila mmoja wetu alikuwa akihesabu yake. Mume aliyeumizwa na neno moja miaka kumi iliyopita. Mtoto aliyepigwa kwa kosa ambalo hakulifanya, na hakuombwa radhi. Tunafagia uani, tunapanda maua juu yake, tunasema ni amani. Kisha siku moja, kwa moto mdogo tu wa kupikia, nyumba nzima yatikisika, na watoto ambao hawakuwako ndio wanaojeruhiwa.

Bwana wetu alifundisha kwamba anayeleta sadaka akikumbuka kwamba ndugu yake ana neno naye, aende kwanza wakapatane. Watu wa Visiwa vya Solomon hawana budi kuichunguza ardhi yao hatua kwa hatua, kwa subira, na wenye kazi hiyo huifanya kwa mikono taratibu sana. Nasi tuna ardhi yetu ya kuchunguza. Mwenzetu yule, tulipofika nyumbani, hakungoja hata kufungua mizigo. Alikwenda kwa wifi yake na kanga mkononi, lakini kabla ya kumpa kanga, aliketi kitako, akasema lile neno.